Sura ya Nne: Waliobaki Kamina

Mji wa Kamina haukuanzia sokoni wala kwenye boma la chifu. Ulianzia kwenye reli. Kampuni ya Kibelgiji iliyojulikana kwa herufi tatu, BCK, ilitaka shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo, ifike mtoni bila kupitia makoloni ya wengine. Ikatandaza mataruma kutoka Bukama, ikaukata uwanda wa Waluba, hadi bandari ya mto Kasai iliyoitwa Port-Francqui, Ilebo ya leo. Mwaka 1928 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alisafiri mwenyewe kuja kuizindua njia hiyo. Mwaka 1956 likakamilika tawi jingine, kutoka Kamina hadi Kabalo, na kutoka Kabalo treni ikaweza kuendelea mpaka Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika au Kindu kwenye mto Lualaba. Hapo Kamina ikapata sura iliyo nayo mpaka leo. Anayetoka Lubumbashi kwenda Kasai hupita hapa, anayetoka Kasai kwenda ziwani hupita hapa, na mahindi, chumvi, samaki wakavu wa maziwa ya Upemba na habari za vita hupita hapa pia.

Kampuni haikujenga stesheni peke yake. Ilijenga nyumba za wafanyakazi, ikawaletea maji, zahanati na shule, ikaamua nani akae wapi na mtaa upi upate taa. Mfanyakazi wa reli hakuhitaji kumwomba mwenye mji chochote, kwa sababu mwenye mji alikuwa ndiye mwajiri wake. Baada ya uhuru majina yalibadilika, na mwaka 1974 kampuni mbalimbali za reli ziliunganishwa kuwa shirika moja la taifa, lile tunalolijua sasa kama SNCC. Utaratibu wa maisha haukubadilika sana: shirika ndilo lililotengeneza paa lililovuja na kuzibua mfereji ulioziba.

Kisha mishahara ikaanza kuchelewa. Mwezi ukawa miezi, miezi ikawa miaka. Vichwa vya treni vikaharibika bila vipuri, treni ya abiria ikawa jambo la kusubiriwa kwa siku nyingi, na watu wakazoea kupanda juu ya mabehewa ya mizigo. Aprili 2014 treni ya mizigo ilianguka Katongola, karibu na Kamina, ikaua zaidi ya watu 40. Wengi wao walikuwa wasafiri waliodandia kwa sababu hapakuwa na usafiri mwingine. Nyumba za kampuni zilikuwa bado zimesimama, lakini aliyekuwa akizitunza hakuwepo tena.

Nimeanza na reli kwa sababu wengi wanaoandika kuhusu maendeleo ya mitaa ya Kongo huanza na umaskini, kana kwamba umaskini ni hali ya hewa. Mtaa wa Kamina haukuwa maskini kwa asili. Ulikuwa na mwenyewe, mwenyewe akaishiwa nguvu, na watu wakajikuta na mji ambao hawakuwahi kuulizwa jinsi ya kuuendesha. Kazi ya watu wanaohusika katika sura hii ilianzia hapo: wahamasishaji wa vyama visivyo vya faida, wachungaji, masista, akina mama wa vikundi na wakuu wa kartie, yaani mitaa. Walilazimika kujifunza kuutunza mtaa, na walijifunza katika miaka mibaya kuliko yote.

Miaka hiyo ilikuja kwa mfululizo. Mwaka 1990 Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, baada ya mauaji ya wanafunzi katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Mwaka 1991 na tena 1993 wanajeshi walipora miji, na wageni wengi waliofanya kazi za misaada wakaondoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya shaba ya Katanga kwa maelfu mengi, na njia yao ya kurudi nyumbani ilikuwa reli hii hii. Familia zilizokaa Likasi au Kolwezi vizazi viwili zilipitishwa Kamina na magodoro yao na wagonjwa wao, kuelekea nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Agosti 1998 vita vikaanza upya, na mstari wa mapigano ukapita kaskazini na mashariki ya Kamina. Reli ya Kabalo ikakatika. Kambi kubwa ya ndege iliyojengwa na Wabelgiji nje ya mji baada ya Vita Kuu ya Pili ikajaa askari, wakiwemo Wazimbabwe waliokuja kumsaidia Rais Laurent Kabila.

Na watu wakaanza kuingia mjini kwa miguu. Walitoka Manono, Malemba-Nkulu, Kabongo na vijiji vya katikati, wengine wakiwakimbia waasi, wengine wakiwakimbia wanamgambo wa Mai-Mai ambao walikuwa watoto wa vijiji vyao wenyewe. Ukisema kambi ya wakimbizi, msomaji wa leo huona mahema yenye nembo za Umoja wa Mataifa. Kamina sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na nyumba za watu. Mama aliyekuwa akisonga bukari, yaani ugali, ya watu sita alianza kusonga ya watu wengi zaidi, kwa unga ule ule, na sombe, mboga ya majani ya mihogo, ikaongezwa maji. Watoto walilala wamepangana. Choo cha shimo kilichochimbwa kwa ajili ya familia moja kilijaa kabla ya wakati wake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kamina methali hiyo ilikuwa mpango wa kazi. Aliyepokea wageni alilazimika kuwatafutia kipande cha kulima pembezoni mwa mji, mbegu za mahindi, vijiti vya mihogo na jembe lenyewe. Bila hivyo nyumba mbili zingekufa njaa badala ya moja. Hapo ndipo vikundi vya mtaa vilipoacha kuwa vya kuimba na kufarijiana misibani tu, vikaanza kufanya hesabu: nani amepokea wangapi, nani ana shamba linalopumzika, nani anaweza kuazima jembe kwa wiki moja. Ukimuuliza mtaalamu wa mashirika makubwa, atakwambia hiyo ndiyo tathmini ya mahitaji. Akina mama waliifanya wakiwa wameketi kwenye mikeka.

Vikundi hivyo havikuzuka vitani. Mwaka 1961 maaskofu Wakatoliki wa Kongo walikubaliana kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za ujirani, na katika Katanga jumuiya hiyo huitwa shirika: nyumba chache za mtaa mmoja, zinazokutana kila wiki, zinazojua nani ni mgonjwa na nani hana chumvi. Wamethodisti nao walikuwa na akina mama wa Kipendano, wanaotambulika kwa vitenge vyao vya sare, na ambao popote Katanga wanajua kukusanya unga, kuni na pesa za jeneza kabla jua halijazama. Hawa hawakuhesabiwa katika ripoti yoyote kama miundombinu. Lakini barabara zilipokatika na ofisi zilipofungwa, wao ndio waliokuwa bado wanafika kila mlango.

Katika habari za Kamina ya miaka hiyo jina moja haliwezi kuachwa, la Askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Kanisa la Muungano la Methodisti. Alichaguliwa kuwa askofu wa Katanga ya Kaskazini mwaka 1996. Eneo lake lilivuka hata mpaka na kuingia Tanzania, na makao yake yalikuwa Kamina. Chini yake kanisa lilikuwa na kituo cha watoto yatima, shamba la Kamisamba la kulima na kufundishia kilimo, na chuo kikuu cha Kimethodisti cha Kamina. Ndege ndogo ya kanisa ilitua katika viwanja vya majani kuleta dawa na kubeba wagonjwa mahali ambapo gari halikuweza kufika. Ntambo alikuwa pia mwanasiasa, akafika mpaka Seneti, na wapo waliolalamika kwamba mchungaji hapaswi kushika kengele mbili. Naelewa wasiwasi wao. Hata hivyo, katika mji ambao serikali ilikuwa haipo na mwajiri mkuu hakulipa, mtu wa kufungua milango ya gavana na mabalozi alihitajika, na yeye aliifungua.

Jambo lililonivutia zaidi katika historia hiyo ni la mwaka 2004. Vita vilikuwa vimekwisha kwenye karatasi, na serikali ya mpito ilikuwa imeundwa Kinshasa mwaka uliotangulia, lakini vijiji vya kaskazini mwa Katanga vilikuwa bado mikononi mwa makundi ya Mai-Mai. Mkutano wa amani ukafanyika Kamina. Waliokaa pamoja walikuwa viongozi wa serikali, machifu wa jadi, watu wa makanisa na makamanda wa Mai-Mai, akiwemo yule aliyeogopwa kwa jina la Chinja Chinja. Pamela Couture, mwanateolojia aliyefundisha Toronto, alikusanya kwa miaka kadhaa kumbukumbu za Waluba walioshiriki katika kazi ya amani ya miaka hiyo, na kitabu chake kilichotoka mwaka 2016 kinabeba kichwa kinachokataa Wakongo waitwe wahanga tu. Anachoonyesha ni kwamba mazungumzo hayo yalitegemea watu wenye nasaba pande zote mbili: wachungaji waliokuwa na binamu msituni, machifu waliojua nani alimuoa nani, wanawake walioweza kupita vizuizi vya barabarani kwa sababu kijana mwenye bunduki aliwaita mama.

Mkutano huo haukumaliza vita vya Katanga. Makundi mengine yaliendelea, na raia wakaendelea kuteseka Mitwaba, Pweto na kwingineko. Lakini kwa mtaa wa Kamina amani yoyote ya kweli, hata ya sehemu tu, ilikuwa na maana inayoonekana kwa macho: mtu anaweza kwenda shambani kilomita kumi na kurudi na mahindi, na mwenye kinga, yaani baiskeli kwa Kiswahili cha Katanga, anaweza kuisukuma ikiwa imebeba magunia ya makaa bila kunyang'anywa njiani. Kufufua mtaa kunaanzia barabara ya shambani. Mji ambao chakula chake hakifiki hauwezi kufufuliwa kwa rangi ya kuta wala kwa semina.

Ndiyo maana nasema kazi ya maendeleo ya mtaa ni kazi ya waliobaki. Mgeni anaweza kuleta saruji, na saruji inahitajika. Hawezi kuleta miaka ishirini ya kujuana, na bila hiyo saruji huishia kwenye ukuta wa mtu mmoja.

Vifaa vya waliobaki ni vya kawaida. Cha kwanza ni likelemba. Wanawake kumi au kumi na wawili wa soko moja hutoa kiasi kile kile kila wiki, na kila wiki mmoja wao huchukua chungu chote. Watanzania wanaijua kama upatu, Wakenya wana vyama vyao vya mzunguko. Kamina likelemba ndiyo iliyonunua magunia ya kwanza ya mihogo ya wanawake wengi walioanza biashara baada ya mume kukosa mshahara wa reli. Nguvu yake ni kwamba haina ofisi ya kuibiwa wala sanduku la kuvunjwa: pesa inalala mfukoni mwa anayeihitaji usiku huo huo. Udhaifu wake nao unajulikana. Mwenye zamu ya mwisho ndiye anayekopesha wengine wote, na ugonjwa mmoja katikati ya mzunguko unaweza kuuvunja. Faranga ikishuka, anayepokea wiki ya mwisho hapati thamani aliyopata wa kwanza, ndiyo maana likelemba nyingi za wafanyabiashara huhesabiwa kwa dola.

Kutoka hapo wengine wamehamia kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, vile vyenye sanduku la kufuli tatu na vitabu vya mihuri. Mtindo huo ulianza Maradi, Niger, mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na ukaenea Afrika nzima. Wasomaji wa Pwani watakumbuka vikundi vya Jozani, Unguja. Mfadhili alipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi walitarajia vife. Watafiti waliporudi miaka michache baadaye walikuta vimeongezeka, kwa sababu wanachama wenyewe walikuwa wanafundisha majirani zao na kulipana kwa mafunzo hayo. Nautaja mfano wa Jozani kila ninapomsikia mtu akisema watu wa vijijini hawana moyo wa kuendeleza miradi. Mradi uliokuwa wao tangu mwanzo waliuendeleza.

Kifaa cha pili ni salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu wageni hukikosea. Mwanzoni mwa mradi wowote wa mifereji au taka, mtu hushauri: wananchi wachangie nguvu kazi, kama zamani. Lakini zamani ya ipi? Wakati wa ukoloni wakulima wa nchi hii walilazimishwa kulima pamba na kutengeneza barabara kwa amri, na asiyefika alifungwa au kuchapwa. Rais Mobutu aliifufua kazi ya pamoja katika miaka ya 1970 kwa jina la salongo, na asiyefika alitozwa faini. Mzee anayeketi kizingitini na kuangalia vijana wakichimba mfereji si mvivu. Anakumbuka aliyefaidika na mfereji wa zamani.

Mhamasishaji mzuri wa Kamina anajua hili bila kufundishwa. Hatangazi salongo kwa kipaza sauti. Hupita kwanza kwa papa mkuu wa avenyu, kisha kwa mama anayeheshimiwa, akae, apewe kiti na maji, aulize habari za watoto, aeleze, arudi siku nyingine. Siku ya kazi ikifika, yeye huwa wa kwanza kuvua viatu. Nimesikia watu wakiita utaratibu huu upotevu wa wakati. Mimi nauona kama sehemu ngumu zaidi ya kazi yote, na ndiyo isiyolipwa na mfadhili yeyote, kwa sababu haina risiti.

Kuna namna nyingine ya kulishughulikia jambo hili, na Dar es Salaam iliijaribu. Hananasifu, mtaa wa bondeni Kinondoni, ulikuwa ukifurika kila masika. Katika miaka ya 1990 wakazi, kupitia chama chao cha maendeleo ya mtaa, walipewa mikataba ya kujenga mifereji na barabara za mtaa wao wenyewe, kwa msaada wa kitaalamu wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine. Sehemu ya kazi ilikuwa ya kujitolea, na sehemu ikalipwa kwa mkataba. Wengi wa waliochimba na kujenga walikuwa watu wa mtaa, wanawake kwa wanaume. Chama kilijifunza kununua kokoto, kulipa vibarua, kuandika hesabu na kugombana na mhandisi. Mtaa haukuwa paradiso baadaye, na utunzaji wa mifereji ulibaki kuwa mzozo wa kila mwaka. Lakini fedha ilipita mikononi mwa wakazi na ujuzi ukabaki kwao. Kamina, ambako mvua huanza Oktoba na kumomonyoa udongo wa mitaa mpaka Aprili, kuna sababu zote za kujaribu mkataba wa namna hiyo: mfereji mmoja, avenyu moja, chama kimoja kinachotia saini na kuwajibika.

Kinachokwamisha mara nyingi ni karatasi. Kwa sheria ya Kongo namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001, chama kisicho cha faida, ASBL, hupata uhalali kamili kwa saini ya Waziri wa Sheria. Waziri huyo yuko Kinshasa. Kikundi cha Kamina kinahitaji kanuni zilizoandikwa kwa Kifaransa, saini zilizothibitishwa, barua ya kuungwa mkono na wizara inayohusika, ada, na mtu wa kufuatilia faili upande wa pili wa nchi. Kwa hiyo vikundi vingi hufanya kazi miaka mingi kwa hati ya muda, na mfadhili anapokuja na fedha za kweli, humpa yule mwenye faili kamili, ambaye mara nyingi anaishi Lubumbashi au Kinshasa. Yeye huajiri wale wa Kamina kwa posho, mradi unaisha, posho inaisha. Wale wa Kamina hubaki na vesti zenye nembo na orodha ya watu waliowaahidi kitu.

Kazi ya mhamasishaji wa Kamina ina mzigo mwingine. Asubuhi anazungumza Kiluba na wazee, mchana anaendesha mkutano kwa Kiswahili, usiku anaandika ripoti kwa Kifaransa, na siku hizi mfadhili anataka muhtasari kwa Kiingereza. Mtaa aliousikia asubuhi unapungua kila unapovuka lugha, na kinachofika mwisho ni safu za namba: washiriki wangapi, wanawake wangapi, mafunzo mangapi. Maombi ya mtaa wenyewe, kwa mfano kwamba daraja dogo la kwenda shambani litengenezwe kabla ya mafunzo yoyote, hayana safu katika jedwali hilo.

Hili si tatizo la watu wabaya. Katika Katanga ya Kaskazini Wamethodisti wa Kamina na ndugu zao wa Marekani wamefanya kazi pamoja kwa miongo mingi, kwa upendo wa kweli, na bado mmisionari na mtafiti Taylor Walters Denyer, katika kitabu chake cha mwaka 2020, ameonyesha jinsi mazoea ya kikoloni yanavyoingia ndani ya urafiki huo: anayeshika fedha huamua kipaumbele, naye anayepokea hujifunza kusema yale yanayopendwa kusikika. Nafurahi kwamba aliyeandika hivyo ni mtu wa ndani ya uhusiano huo, kwa sababu mshirika anayeweza kujisahihisha ni bora kuliko mfadhili asiyekosea kamwe kwenye ripoti zake.

Lakini kwa nini Kamina itegemee wafadhili kiasi hicho? Jirani zake wa kusini wana machimbo. Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni za uchimbaji zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozizunguka, na Kolwezi au Fungurume kuna fedha ya kugombania. Haut-Lomami haina shaba ya namna hiyo. Katanga ilipogawanywa kuwa mikoa minne mwaka 2015, Haut-Katanga na Lualaba zilipata machimbo, Tanganyika ikapata ziwa na madini yake, na Haut-Lomami ikapata Kamina kama mji mkuu, reli iliyochoka, mashamba, maziwa ya samaki na kipindupindu kinachorudi kila mara kwenye visiwa na kingo za Lualaba. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 175, inasema mikoa ipate asilimia 40 ya mapato ya taifa. Asilimia hiyo haijawahi kutolewa kama ilivyoandikwa. Mkoa usio na machimbo huumia zaidi, kwa sababu hauna mahali pengine pa kukinga mkono. Mtu anayelaumu vikundi vya Kamina kwa kuwategemea wageni aanze na ibara hiyo.

Hivyo nafasi iliyofunguka hivi karibuni ni muhimu kuliko mradi wowote. Kwa sheria ya mwaka 2008 kuhusu madaraka ya mitaa, mji wa Kamina na komuni zake, Kamina, Dimayi na Sobongo, ni vyombo vyenye bajeti zao na mabaraza yao. Kwa miaka mingi mabaraza hayo yalikuwa maandishi tu. Mameya na wakuu wa komuni waliteuliwa kutoka juu. Desemba 20, 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006, madiwani wa komuni walipigiwa kura katika miji mikuu ya mikoa. Kuapishwa kwao na mishahara yao vimekuwa kero nchi nzima, na uwezo wao ni mdogo. Lakini sasa kuna mtu mwenye jina, anayekaa avenyu inayojulikana, ambaye anaweza kuulizwa.

Na wenye haki ya kwanza ya kumuuliza ni akina mama wa soko. Kila asubuhi, kabla hawajauza fungu la kwanza la sombe au kopo la kwanza la mahindi, mtoza ushuru hupita na kuwakatia tiketi ya meza. Fedha hizo ndogo, zinazokusanywa kila siku ya mwaka, ni sehemu ya mapato ya kweli ya komuni. Wao ni wafadhili wake, na hawajawahi kuandikiwa ripoti. Wana daftari za likelemba, wanajua kuhesabu mzunguko bila kupoteza faranga, wanajua kumfuatilia anayechelewa kwa heshima mpaka alipe. Wakipeleka daftari hizo kwenye kikao cha bajeti wakauliza tiketi za mwaka mzima zimekuwa kiasi gani, zimekwenda wapi, na mfereji wa soko utachimbwa kabla ya mvua ya Oktoba au baada yake, diwani atalazimika kutafuta jibu. Vyama vya Kamina vinavyotaka kazi ya kufanya mwaka huu vinaweza kuanza kwa kuwasaidia kuandika maswali hayo, kuyapeleka kwenye komuni kwa muhuri wa kupokelewa, na kurudi nao wiki inayofuata.